USULI WA WIMBO "PROUD MARY": MTUNZI, NAFSINENI NA UMILIKI WA SANAA

Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya usuli katika uhakiki wa kazi za sanaa ni mkongwe. Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba utungo ukishatoka mikononi mwa mtunzi huwa kiumbe huru, na kwamba msomaji hana haja ya kujua ulitungwa lini, wapi, wala na nani. Wapo pia wanaosisitiza kuwa utungo usiohusishwa na mazingira yaliyouzaa huweza kufasiriwa visivyo. Mwanafunzi wa Kiswahili hukumbana na mvutano huu kila anapochambua wimbo wa fasihi simulizi au shairi la mapokeo, kwani mara nyingi usuli wa tungo hizo umepotea au una masimulizi yanayokinzana.

Makala haya yananuia kuuangalia mvutano huo kwa kutumia wimbo ambao usuli wake unafahamika vyema, nao ni "Proud Mary" wa kundi la Creedence Clearwater Revival la Marekani. Wimbo huu ulitungwa na John Fogerty mwaka 1968 na kutolewa Januari 1969. Umeteuliwa kwa sababu unazua maswali matatu ambayo ni ya msingi katika taaluma ya fasihi popote pale. Je, anayesema ndani ya wimbo ni nani? Anasema kwa lahaja ya nani? Na hatimaye, wimbo ni mali ya nani?

Roki ya asili na mahali pake

Kabla ya kuuchambua wimbo wenyewe, yafaa kueleza aina ya muziki inayohusika. Katika miaka ya mwisho ya 1960, makundi mengi ya roki, hasa katika eneo la San Francisco, yalipendelea nyimbo ndefu zilizojaa majaribio ya sauti za studio. Wakati huo huo kuliibuka wanamuziki waliorudi nyuma kutafuta mizizi. Waliyachota mahadhi ya bluzi ya Wamarekani weusi, muziki wa kantri wa mashambani, nyimbo za injili na roki ya miaka ya 1950, wakayasuka kuwa nyimbo fupi zenye masimulizi ya watu wa kawaida. Muziki huo ndio unaoitwa hapa roki ya asili.

Creedence Clearwater Revival lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyoongoza mkondo huo, ingawa wanachama wake wanne walitoka eneo lile lile la San Francisco. John Fogerty alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1945, akalelewa katika mji jirani wa El Cerrito. Akiwa shuleni alianzisha kundi pamoja na Stu Cook na Doug Clifford, na baadaye kaka yake, Tom Fogerty, akajiunga nao. Walibadilisha jina zaidi ya mara moja kabla ya kulitumia hili walilojulikana nalo tangu mwaka 1968.

Usuli wa mtunzi

Mambo mawili katika maisha ya Fogerty yana uhusiano wa moja kwa moja na wimbo huu. La kwanza ni zawadi aliyopewa na mama yake alipokuwa mtoto mdogo. Ilikuwa santuri ya nyimbo za Stephen Foster, na mama alimweleza mwanawe kwamba nyimbo hizo zilikuwa na mtu aliyezitunga. Fogerty amekumbuka mara nyingi kwamba siku hiyo ndipo alipotambua kuwa kuna kazi iitwayo utunzi.

Jambo hili si dogo. Stephen Foster alizaliwa Pennsylvania mwaka 1826 na ndiye aliyetunga "Old Folks at Home", uliochapishwa mwaka 1851. Wimbo huo unautaja mto Suwannee ulioko Kusini, mto ambao Foster hakuujua kwa macho. Jina lake lilipatikana katika kitabu cha ramani, kisha likakatwa silabi ili lilingane na mizani. Isitoshe, wimbo ulitungwa katika lahaja iliyoigiza usemi wa watumwa weusi, nao uliimbwa na wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuchekesha hadhira. Jimbo la Florida liliufanya wimbo wake rasmi mwaka 1935, na mwaka 2008 maneno yake yakarekebishwa kwa sababu ya kejeli iliyokuwamo. Kwa hivyo, mlango aliouingilia Fogerty katika utunzi ulikuwa na historia nzito ya kuisema sauti ya mwingine.

La pili ni vita vya Vietnam. Mwaka 1966 Fogerty alifikiwa na wito wa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kama vijana wengi wa rika lake, alitafuta njia ya kuepuka kupelekwa vitani, akajiunga na jeshi la akiba. Mwaka 1967 alitumikia miezi kadhaa ya mafunzo kambini, na baada ya hapo aliendelea kufungwa na wajibu wa kijeshi huku akijaribu kujenga kundi lake. Wakati huo muziki wake ulikuwa haujamlipa, na hatima yake ilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Kuzaliwa kwa wimbo

Mwishoni mwa miaka hiyo ya wasiwasi Fogerty alinunua daftari la kuandikia mada za nyimbo. Maneno ya kwanza aliyoyaandika yalikuwa "Proud Mary". Hakujua yangekuwa na maana gani. Alichomfikiria Mary kuwa ni mwanamke anayefua nguo na kufanya kazi katika nyumba za matajiri, anayebeba maisha yake kwa heshima. Kwa hiyo, katika mbegu yake ya awali, Mary alikuwa mtumishi wa nyumbani.

Katikati ya mwaka 1968, bahasha rasmi ilifika kwenye jengo alimoishi Fogerty, ikakaa siku kadhaa ngazini bila yeye kutambua kuwa ilikuwa yake. Alipoifungua alikuta ni barua ya kumwachisha jeshi kwa heshima. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliruka na kupinduka kwenye nyasi kwa furaha, kisha akaingia ndani, akachukua gitaa na kuanza kutunga. Msitari wa kwanza uliomjia ulihusu mtu aliyeacha kazi nzuri mjini.

Hapa mhakiki anayepuuza usuli hupoteza kitu muhimu. Anayeusoma wimbo bila kuujua usuli huo atadhani kwamba huyo anayeacha kazi analalamikia mshahara au mwajiri tu. Anayeujua atasikia pia pumzi ya kijana aliyefunguliwa kongwa. Furaha ya wimbo huu, ambayo inazidi ukubwa wa tukio linalosimuliwa, inapata sababu.

Upande wa muziki nao una kisa chake. Fogerty alikuwa akichezea mpigo mashuhuri unaofungua Simfonia ya Tano ya Beethoven. Alipouhamisha mkazo wake hadi kwenye pigo la kwanza, aliona kuwa mwendo uliopatikana ulifanana na gurudumu kubwa la meli ya mvuke likizunguka majini. Naye Stu Cook amesimulia kwamba wazo la meli ya mtoni lilichochewa na mchezo wa televisheni uitwao Maverick. Vyovyote iwavyo, mfuaji nguo aligeuka chombo. Mary aliyekuwa mtu alikuwa meli, na sifa ya kujivunia ikabaki, sasa ikiwa ni tashihisi.

Wimbo ulirekodiwa Hollywood katika studio za RCA mnamo Oktoba 1968. Fogerty alitaka sauti za kuitikia ziwe na mshikamano wa kwaya za injili. Hakuridhika na uitikiaji wa wenzake, akaziimba sauti zote peke yake, moja juu ya nyingine. Wenzake hawakulipenda jambo hilo, na ufa uliojitokeza siku hiyo haukuzibwa. Tom aliondoka mwaka 1971 na kundi likavunjika mwaka 1972. Hata hivyo, wimbo ulipotolewa ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati ya Billboard mwezi Machi 1969. Kundi hilo lilifikisha nyimbo nafasi ya pili mara tano bila kuifikia ya kwanza hata mara moja.

Nafsineni na lahaja

Wimbo una beti tatu na kiitikio. Nafsineni ni mfanyakazi wa mkono. Ameacha kazi iliyomtaabisha mchana na usiku, amepitia Memphis na New Orleans akifanya vibarua vya hali ya chini, na hatimaye ameupata utulivu mtoni. Ubeti wa mwisho unawasifu watu wa mtoni kwa ukarimu wao hata kwa asiye na senti. Dhamira kuu ni uhuru, lakini ni uhuru unaopatikana miongoni mwa watu. Mtoro wa wimbo huu hakimbilii upweke.

Ikumbukwe kwamba mtunzi hakuwa mtu wa Kusini. Hakuwahi kuosha vyombo Memphis wala kulelewa kandokando ya Mississippi. Alikuwa kijana wa California aliyeujenga mto wake kwa sinema, vitabu na, zaidi ya yote, santuri za wanamuziki weusi aliowahusudu, kama vile Howlin' Wolf. Hata matamshi yake hayakuwa ya nyumbani kwao. Irabu za baadhi ya maneno alizigeuza makusudi hadi wasikilizaji wengi wakaamini kwamba kundi hilo lilitoka Louisiana.

Kwa mwanafunzi wa isimu, hili ni suala la lahaja kama kipengele cha mtindo. Katika ushairi wa Kiswahili linajulikana pia. Mshairi wa bara hutumia msamiati wa Kimvita au wa Kiamu kwa kuwa jadi ya utenzi na shairi imeupa msamiati huo uzito wa kisanaa. Anaingia katika nyumba ya sanaa kwa mlango unaotambulika. Swali linalobaki ni la adabu. Je, anayeazima lahaja anaiheshimu, au anaifanyia mzaha? Katika "Proud Mary" hakuna dhihaka. Nafsineni ana utu kamili, na anayoyasema kuhusu kazi na umaskini hayachekeshi. Hapo Fogerty anaachana na Foster, ingawa alijifunza kwake.

Upo mfano mmoja wa kimatamshi unaostahili kutajwa. Katika ubeti wa pili, mtunzi alifupisha jina la gesi ya propani kwa kudondosha silabi ya mwanzo. Neno lililobaki linafanana kabisa kimatamshi na neno la Kiingereza lenye maana ya maumivu. Wasikilizaji wengi wamesikia kwamba nafsineni alipiga pampu ya maumivu huko New Orleans, na wengine wakaisifu sitiari hiyo. Mtunzi alikusudia kazi ya kujaza gesi tu. Je, walioisikia sitiari walikosea? Anayemfuata mtunzi atasema ndiyo. Anayeufuata utungo atajibu kwamba sauti iliyoimbwa inabeba maana zote mbili, na kwamba fasihi simulizi imejaa mabadiliko ya aina hii yaliyozaliwa masikioni mwa hadhira.

Wimbo unarudi mtoni

Ufanisi wa wimbo uliwavuta waimbaji wengine upesi. Mwaka huo huo wa 1969, Solomon Burke, mwimbaji mweusi wa muziki wa soul, aliurekodi. Kabla ya kuimba alitanguliza maneno ya kusema, akikumbusha kwamba mababu wa watu wake walisafiri katika meli hizo wakiwa wachochea moto, wapishi na wahudumu. Kwa maneno hayo machache alifanya kazi ya mhakiki. Aliirudisha historia ambayo wimbo ulikuwa umeipita kimya. Meli ile ya fahari ilikuwa na ghorofa ya chini, na Burke alitaka hadhira iitazame ghorofa hiyo.

Toleo lililosikika zaidi lilifuata mwaka 1971, likiimbwa na Ike na Tina Turner. Lilianza polepole kwa maneno ya kuzungumza, kisha likaibuka ghafla kwa kasi kubwa. Lilifika nafasi ya nne katika chati, na mwaka 1972 likatuzwa Grammy. Tangu hapo Tina aliuimba jukwaani kwa miongo mingi.

Usuli wa mwimbaji huyu nao una uzito wake. Tina Turner alizaliwa mwaka 1939 kwa jina la Anna Mae Bullock huko Brownsville, Tennessee, akalelewa katika kijiji cha Nutbush, mwendo usio mrefu kutoka Memphis. Utotoni alichuma pamba pamoja na jamaa zake, na katika ujana wake alifanya kazi za nyumbani katika familia ya kizungu. Mwaka 1976 alimtoroka Ike, mume aliyempiga kwa miaka mingi, akiwa na fedha kidogo tu mfukoni. Alifariki Uswisi mnamo Mei 2023.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, jambo la ajabu hujitokeza. Mary wa daftari la Fogerty alikuwa mtumishi wa nyumbani mwenye kujivunia utu wake. Mtunzi alimwacha mwanamke huyo, akaichukua meli. Miaka miwili baadaye wimbo ulichukuliwa na mwanamke aliyetoka nchi ile ile ya mto, ambaye mikono yake iliijua kazi ile ile ya nyumba za watu. Si lazima kudai kwamba Tina alijua habari za daftari. Linalotosha ni kwamba wimbo ulibeba ndani yake nafasi ya mtu ambaye mtunzi hakuwa, na mtu huyo alipofika, nafasi ilimtosha. Msikilizaji anayejua yaliyotokea mwaka 1976 hawezi tena kusikia habari ya kuacha na kwenda zake kama alivyoisikia awali.

Umiliki wa wimbo

Swali la tatu ni la mali. Fogerty alikuwa ametia saini mkataba ulioipa kampuni ya Fantasy haki za nyimbo zake. Ili kujinasua baadaye, ilimbidi aache hata sehemu ya mrabaha aliostahili. Uchungu wa jambo hilo ulimfanya akatae kuziimba nyimbo za Creedence kwa miaka mingi, kwa kuwa kila alipoziimba aliona anamtajirisha mwingine.

Mgogoro ulifika mahakamani. Fogerty alipotoa wimbo mpya mwaka 1985, kampuni ilimshtaki kwamba ameiga wimbo wa Creedence wa mwaka 1970, yaani kwamba amejiiga mwenyewe. Mwaka 1988 alipanda kizimbani huko San Francisco akiwa na gitaa, akalionyesha baraza la wazee wa mahakama jinsi anavyotunga, naye akashinda. Suala la gharama za mawakili liliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1994 kwamba katika kesi za hakimiliki mshtakiwa aliyeshinda apimwe kwa kigezo kile kile anachopimiwa mlalamishi.

Kimya chake kilivunjwa na wenzake katika sanaa. Mwaka 1987, katika ukumbi mmoja wa California, Bob Dylan alimwonya kwamba asipouimba "Proud Mary", watu wote watadhani ni wimbo wa Tina Turner. Aliuimba usiku ule. Tarehe 4 Julai mwaka huo aliziimba nyimbo zake za zamani katika tamasha la waliopigana Vietnam, huko Maryland. Mwaka 1990 alisafiri hadi Mississippi, kwenye kaburi la Robert Johnson, gwiji wa bluzi aliyefariki mwaka 1938. Fogerty amesimulia kuwa alijiuliza pale ni nani anayemiliki nyimbo za Johnson kisheria, akaona kwamba jibu halikuwa na maana, kwa kuwa kila azisikiaye anajua ni za Johnson. Ndipo alipoamua kuzirudia zake. Januari 2023, zaidi ya miaka 50 baada ya kutungwa kwa "Proud Mary", alifanikiwa kununua sehemu kubwa ya haki za uchapishaji wa nyimbo hizo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usuli wa kazi ya sanaa una tabaka zaidi ya moja. Upo usuli wa mtunzi, unaoeleza furaha ya wimbo kwa barua iliyomweka huru kijana mmoja. Upo usuli wa jadi, unaoeleza kwa nini kijana wa California aliimba kwa matamshi ya Kusini na ni deni gani aliloingia kwa kufanya hivyo. Upo pia usuli wa waimbaji waliofuata, ambao waliyaleta maisha yao na kuujaza wimbo maana ambayo mtunzi hakuiweka. Mhakiki akiangalia tabaka la kwanza pekee atamfanya mtunzi kuwa hakimu wa maana. Akilipuuza, ataupoteza mshindo uliouzaa wimbo.

Sheria, kwa upande wake, hutambua umiliki mmoja wa karatasi. Fogerty alitaabika miaka mingi kwa ajili ya karatasi hiyo, na haki ilikuwa yake kuidai, kwani mchumia juani hulia kivulini. Lakini Dylan alipomwonya, hakumtajia karatasi. Alimkumbusha kanuni ambayo manju na malenga wa Afrika Mashariki wameijua siku zote, kwamba wimbo hukaa na yule anayeuimba.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya mtunzi na nafsineni kwa kurejelea wimbo uliochambuliwa hapa na shairi moja la Kiswahili ulisomalo.

2. "Kuazima lahaja ya jamii nyingine ni heshima na ni deni." Jadili.

3. Je, maana iliyozaliwa na hadhira kutokana na kusikia vibaya ina nafasi katika uhakiki wa fasihi simulizi? Toa mifano kutoka nyimbo za jamii yako.